Maji ya Tatu

Unga ulikuwa na mchanga. Wateja watatu walikuwa wameurudisha dukani kwa Mama Silvana, na mmoja alimwambia mbele ya watu kwamba mtoto wake alitema uji.

Jumamosi asubuhi Mama Silvana alifika mtaa wa Chanji na katoni nzima ya pakiti za unga, akaitua katikati ya ua wa mashine. Vijana walimwamkia shikamoo. Aliitikia bila kumtazama mtu, wala hakukalia kiti alichopewa.

Fortunata, wa darasa la sita, aliyesaidia kazi siku za Jumamosi, alisimama kando ya mabeseni. Alijua mchanga ulikotoka.

Kazi yenyewe ilikuwa na miezi mitano tu. Mzee Isdori alikuwa na mashine ya kusaga, Mama Silvana alikuwa na duka, na vijana saba wa mtaa ule walikuwa na mikono mitupu. Wakapatana: vijana waoshe ulezi na kufungasha unga, mzee asage, mama auze. Redempta, dada yake Fortunata, ndiye aliyewaongoza vijana. Kabla ya hapo alikaa nyumbani miaka miwili tangu amalize kidato cha nne.

"Wateja wananijua mimi, hawawajui ninyi," Mama Silvana alisema. "Nataka kujua nani kafanya hivi. Nisipojua, leo naacha. Tafuteni duka jingine."

Kisha Enock, mfungashaji, akamgeukia Mboje, kijana wa Kisukuma aliyekwenda vijijini kununua ulezi.

"Mshikaji, ulezi uliuzoa zizini?"

Wawili wakacheka. Mboje hakucheka.

"Nilinunua Msanzi, kwa wajomba zako. Kawaulize wanapuria wapi."

"Tangu lini mtu wa ng'ombe akajua ulezi?"

"Enock, nyamaza," Redempta alisema, lakini naye akamtazama Mboje. "Yale magunia uliyakagua?"

"Dada, ulezi wote unapurwa chini. Mchanga haukosi. Ndiyo maana tunauosha."

"Aliyeosha ni Fortunata, na ameosha maji matatu. Si ndiyo, mdogo wangu?"

Wote wakageuka.

"Ndiyo," Fortunata alijibu.

Ulezi hutiwa kwenye beseni la maji, ukakorogwa kwa mkono, punje zikaenguliwa na mchanga ukabaki chini. Kisha maji mapya, na tena maji mapya. Jumamosi iliyopita upepo wa Julai ulikuwa mkali na vidole vilimfa ganzi. Madebe manne ya mwisho aliyaosha maji ya kwanza tu, akayaanika kwenye turubai, akaenda kuota moto.

Mboje alivua koti la kazi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya gunia.

"Basi ni mimi. Bakini na kazi yenu."

Akaanza kuondoka. Hakuna aliyemzuia. Alikuwa ameshafika getini Fortunata alipopata sauti.

"Kaka Mboje, subiri. Ni mimi. Niliosha mara moja tu. Niliona baridi."

Redempta aliketi chini palepale, akafunika uso. Mama Silvana alimsogelea Fortunata mpaka akasimama mbele yake.

"Kuona baridi si kosa, mwanangu. Ungesema, tungekuchemshia maji. Kosa ni kudanganya, halafu ukamwangalia mwenzako anaondoka kwa kosa lako. Kazi hii tunaishika watu wengi. Mmoja akidanganya, wateja wanasema sote tumewadanganya. Lakini umesema mwenyewe, kwa hiyo siachi. Unga wote uliobaki utolewe, usiuzwe. Na kuanzia leo, anayeosha anakaguliwa na mwenzake."

Kisha akamtazama Enock.

"Samahani, mshikaji," Enock alisema, macho chini.

Mboje alilichukua koti lake. "Wajomba zako nitawasalimia," alisema, na safari hii alicheka kidogo.

Mapatano yalipona. Lakini pakiti mia mbili na kumi za unga ule walipewa nguruwe. Kwa wiki tatu vijana waliosha na kuanika ulezi upya bila kuuza hata pakiti moja, na bila malipo. Wiki ya pili Edith, msichana aliyebandika lebo, alishindwa kulipa kodi ya chumba, akarudi kijijini kwao Kate kulima. Walimwita mara mbili. Hakurudi. Vijana walikuwa saba, sasa ni sita.