Punje ya Pili

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa mwiba. Ambrose Mwesiga alikuwa akishuka mlima mmoja wa Kimuli, ambako wahunzi wa zamani waliyeyusha chuma, akashika kichaka asiteleze, na mwiba ukamchana kidole. Alijifuta kwenye suruali, kisha akaandika daftarini: tanuri tatu, moja imebomoka. Alikuwa mwalimu mstaafu wa historia. Kata ilimwomba aorodheshe mambo ya kale kabla wanaoyakumbuka hawajaisha, naye akakubali kwa sababu mkewe alikuwa amekufa miezi saba kabla, na nyumba yake, huko Kamuli, kata nyingine, ilikuwa na saa nyingi za upweke.

Chini ya mlima alikuta mwanamume ameketi kando ya njia. Alinuka jivu lililomwagiwa maji.

"Mwalimu umetutembelea," alisema kwa Kinyambo cha kizamani. "Huwezi kuondoka hivihivi."

Akatoa tunda moja la kahawa iliyokaushwa, akalipasua kwa meno, akampa punje moja. Kwao mgeni hakatai kahawa. Kuikataa ni kumwita mwenyeji mchawi mbele ya uso wake. Ambrose aliipokea, akaimeza. Ilikuwa na chumvi na ladha ya chuma. Yule mtu akamshika mkono kama anayeaga, akaigusisha punje ya pili kwenye kidole kilichochanika, naye akameza.

"Ndugu yangu," akasema.

Ambrose alipiga hatua kumi, akageuka. Njia ilikuwa tupu.

Alijua kilichofanyika. Chuo kikuu, Dar es Salaam, aliwahi kuandika kurasa kumi na nne juu ya omukago, udugu wa damu: watu wawili humeza punje mbili za tunda moja, kila mmoja na damu ya mwenzake, na tangu hapo hakuna anayemnyima mwenzake kitu. Atakayenyima, punje humvimba tumboni mpaka afe. Aliyaandika yote kwa wakati uliopita.

Jioni hiyo ilipigwa hodi.

"Karibu," alijibu akiwa kitini, kama anavyomjibu mtu yeyote.

Hakuingia mtu. Lakini kigoda cha jikoni kililia kama kinavyolia kikikaliwa, na harufu ya jivu bichi ikatambaa hadi sebuleni.

"Ndugu yangu," sauti ilisema kutoka jikoni, "nipe ule wimbo mkeo aliouimba akimenya ndizi."

"Chukua," alisema Ambrose. Alisema hivyo kwa woga, na kwa sababu wimbo si ng'ombe.

Asubuhi aliutafuta kichwani, hakuupata. Jioni ya pili aliombwa kicheko cha mkewe. Ya tatu, harufu ya kitenge chake akitoka kanisani. Ya nne, sauti yake. Kila alichotoa hakikuwamo tena ndani yake, ila kilisikika jikoni.

Siku ya tano Vero, mdogo wa marehemu, alileta mkungu wa ndizi, akasimama mlangoni bila kuutua.

"Shemeji," alinong'ona, "umeoa?"

"Nani angenitaka?"

"Sasa ni nani huyo jikoni anaimba kwa sauti ya dada?"

"Wimbo huo unaujua?"

"Usinitanie. Si ndio huohuo aliouimba siku ya harusi yenu?" Alimtazama usoni, akautua mkungu polepole. "Shemeji. Vaa viatu."

Alimpeleka Nkwenda kwa Bi Adija, muuza vitenge, ambaye babu yake alitoka Tanga na vitabu vya dua. Bi Adija aliwasikiliza huku akikunja doti, wala hakuacha kukunja.

"Majini ya babu yangu ukiyasomea yanakimbia," alisema. "Huyu wenu atakimbiaje, naye ni ndugu? Nitasoma, mwalimu. Lakini neno la kumtoa liko kinywani mwako."

"Neno gani?"

"Hapana. Atakuja leo magharibi. Mwambie hapana, mara moja."

"Na tumbo?"

"Labda litavimba, labda halitavimba. Mimi sikumeza."

"Mwanamume mzima na shahada yake," alisema Vero kwa sauti ya chini, "unashindwa na hapana?"

Kwenye bodaboda alilirudia neno hilo njia nzima, hadi dereva akauliza kama anakatazwa kitu.

Jua lilipozama Ambrose aliketi sebuleni, mikono juu ya magoti, na hodi ikaja, na mara hii hakujibu, lakini kigoda kikalia vilevile, kisha nyayo zikatoka jikoni zikiburuta kandambili kama za mtu aliyechoka na shamba, zikaja hadi nyuma ya kiti chake, na pamoja nazo harufu ya kitenge ambayo hakuijua tena ila mwili wake uliijua, kwa maana nywele zilimsimama na machozi yakamlengalenga kwa wakati mmoja, na kicheko kidogo kikapita karibu na sikio lake, halafu sauti ya mwanamke, ya upole, isiyo na haraka, ikasema:

"Mwalimu. Nipe jina langu."

Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini neno hilo alikwisha kumwambia mkewe mara moja. Hospitali, usiku wa kuamkia upasuaji, mkewe aliomba maji, na kwa kuwa walikatazwa, na kwa kuwa yeye ni mtu wa kufuata maagizo, alisema hapana. Mkewe hakuomba tena kitu. Alikufa kesho yake midomo imekauka.

"Chukua," alisema Ambrose.

Kigoda hakikulia tena. Harufu ilikatika. Mgeni alikuwa ameondoka, maana hakukubaki cha kuomba.

Asubuhi alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye kibanja, akapiga magoti kati ya migomba, akafuta tope kwenye msalaba wa saruji wa mkewe. Akasoma: Deodatha. Akafumba macho, akajaribu kulitamka; halikuwamo. Akafumbua, akasoma tena. Mara ya nne aliinuka, akaenda kwa Vero, nyumba ya pili, kuomba kalamu ya wino, akaliandika kiganjani, herufi moja moja, akiwa ametazama msalaba kupitia dirisha lake.

"Unaandika nini, shemeji?" Vero aliuliza.

Ambrose alifungua mkono ili aweze kumjibu.