Kichwa cha Nguruwe na Kitufe cha Kushoto

Pyo Deok-su na mkewe Ok-bun waliishi juu na kufanya kazi chini. Asubuhi walikunywa supu yao ya maharage, wakashuka ngazi, na kabla tumbo halijatulia walikuwa wameshawasha presi. Hiyo ilikuwa mashine yao ya kukandamiza bati. Ukiweka bati bapa juu ya kalibu, lile umbo la chuma la chini, presi inashuka kwa kishindo, na bati linatoka likiwa mfuniko wa sufuria. Katika mtaa ule wa viwanda vidogo pembeni mwa Incheon, kila mtu aliijua mifuniko ya Deok-su. Waliujua na mdomo wake pia, maana ulisikika kuliko presi.

Presi ile ilikuwa na vitufe viwili, kimoja kulia na kingine kushoto, vikiwa vimeachana. Haikushuka mpaka vyote viwili vibonyezwe kwa pamoja. Deok-su aliona huo ni usumbufu mtupu. Basi akakibonyeza kitufe cha kushoto na kukibandika selotepu kisiinuke tena. Sasa mkono wa kulia ulitosha kuishusha mashine, na wa kushoto ulibaki huru kushika bati. Kazi ilikwenda mbio.

Aliyeshika bati hilo kutwa nzima alikuwa Ok-bun.

"Baba Boram," alimwambia mumewe, kwa jina la binti yao, "toa hiyo selotepu. Mkono huu bado nauhitaji."

"Mama Boram, uko hapa tangu Boram hajaota meno. Umewahi kukatwa hata kucha?"

"Kwa hiyo unasubiri nikatwe? Na kabichi ya kimchi utajikatia mwenyewe?"

Deok-su hakuyapenda maswali ya namna hiyo. Alijifanya hasikii kwa sababu ya kelele za mashine, hata pale mashine ilipokuwa imezimwa.

Siku moja Tak Mi-ran, afisa wa usalama kazini, alipita kukagua. Deok-su alimwona dirishani akija. Akaibandua selotepu haraka haraka, akaificha nyuma yake, kisha akampokea mgeni kwa tabasamu pana. Alimzungusha karakana nzima akijisifu. Mwisho afisa alimwomba kwa upole ageuke, kwa sababu alikuwa na selotepu kwenye kalio.

Afisa Tak hakugomba. Alimweleza hatari ya kufunga kitufe, akamtaka asirudie kamwe. Deok-su aliapa kwa jina la baba yake na la babu yake. Afisa alipokunja kona, aliing'oa selotepu kwenye suruali akairudisha kwenye kitufe. Bado ilikuwa na gundi.

Haukupita muda, jirani yao Maeng, mwenye karakana ya bawaba, akaumizwa na presi yake. Kidole cha shahada kilipoteza ncha. Habari hizo zilimtia Deok-su hofu ya kweli, hata usingizi ukampaa. Mtu mwingine angetoa selotepu. Deok-su alikwenda sokoni kununua kichwa cha nguruwe.

Alitaka kufanya tambiko la kuombea mashine, kama baba yake alivyokuwa akifanya. Alizunguka kwa wachinjaji wote akitafuta nguruwe anayecheka, maana nguruwe aliyenuna hana heri. Akampata mmoja aliyechemshwa vizuri, anacheka mpaka macho yamefumba. Akaagiza keki ya mchele na pombe ya mchele. Akaalika majirani. Akamwalika na Afisa Tak, ili aone kwamba Pyo Deok-su hafanyi mchezo na usalama.

Ok-bun alimuuliza kuhusu selotepu. Mumewe alimjibu kwamba mizimu haina shida na selotepu.

Siku ya tambiko wageni walijaa karakanani. Maeng naye alikuja, kidole kimefungwa bandeji nene. Meza ilijaa keki na matunda, kichwa kikakosa nafasi. Deok-su akaamua kikae juu ya kalibu, ndani ya mashine yenyewe, ili mizimu isikosee anwani. Tena akaiwasha mashine ikawa inanguruma.

"Umeme haujazimwa?" aliuliza Afisa Tak.

"Mashine iliyolala itabarikiwaje, Afisa?" alisema Deok-su, huku akipiga magoti.

Afisa Tak hakungoja jibu lingine. Alianza kupenya katikati ya wageni kuifuata swichi kuu ukutani, lakini Deok-su alikuwa ameshaanza. Aliinama mara ya kwanza, paji la uso chini. Akainama mara ya pili. Majirani walikuwa wamemtia nguruwe noti mdomoni, kama ilivyo desturi, na noti moja ilikuwa inateleza. Ok-bun aliingiza mkono, akaisukuma ndani, akamnyoosha na sikio. Kisha akarudi nyuma kuchukua bakuli la pombe. Deok-su aliinama mara ya tatu, na hapo magoti yake yakagoma. Akapapasa mashine atafute pa kushika ainuke. Alichokishika ni kitufe cha kulia.

Presi ikashuka.

Ilipoinuka, nguruwe alikuwa mfuniko. Masikio yalibaki nje, moja huku na jingine kule. Noti zilikuwa zimekatwa duara safi kabisa. Lile tabasamu lilikuwepo bado, ila sasa lilikuwa pana zaidi.

Mtu mmoja akacheka, wote wakapokea, hata Maeng akacheka ameshika kidole chake. Deok-su peke yake hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wa mkewe ulioshika bakuli. Alijua mkono ule umetoka wapi muda mfupi uliopita, na alijua ni nani aliyebandika selotepu. Aliogopa kuliko siku yoyote katika maisha yake.

"Bwana Pyo," alisema Maeng polepole, "hata mimi nilikuwa nimebandika."

Kicheko kikakatika. Afisa Tak alizima swichi kuu, akarudi. Deok-su alimwomba amweleze tena, kwa sauti ndogo ambayo mtaa ule haukuwahi kuisikia kwake.

"Hivi vitufe viwili, Bosi, havikuwekwa kukuchelewesha," alisema Afisa Tak. "Mkono ulio kwenye kitufe hauwezi kuwa kwenye kalibu. Ukikibandika kimoja, mkono mmoja unabaki unatangatanga kwenye hatari."

Aliwaeleza pia kwamba bati huwekwa kwa koleo refu, si kwa vidole. Akasema ipo kinga ya miale ya mwanga inayofungwa mbele ya kalibu, na mkono ukiikatiza tu, presi inasimama. Tena, mashine ikisafishwa, swichi kuu izimwe na kufuli litiwe.

"Ufunguo nitaushika mimi," alisema Deok-su.

"Hapana. Anaushika yule anayeingiza mkono."

Ok-bun akanyoosha kiganja, mumewe bado yuko magotini.

Selotepu ilibanduliwa siku ile ile, na Ok-bun akaichoma jikoni ili isipate suruali nyingine ya kujificha. Fundi alikuja kuikagua presi na kufunga kinga ya miale. Mwanzoni mifuniko ilipungua, Deok-su akanung'unika. Halafu mikono ya Ok-bun ikalizoea koleo, kazi ikarudi kasi yake, na bati likaacha kukaa upande. Maeng alikuja kuitazama kinga ile, akaenda kufunga yake. Siku hizi Deok-su huingia karakana za watu bila kualikwa, akachungulia vitufe vyao na kuwafokea. Wengine wanamfungia mlango, lakini baada ya kubandua selotepu.

Mwaka uliofuata walifanya tambiko tena. Kichwa kilikaa mezani, karibu na mlango. Mashine ilizimwa na kufuli lilining'inia kwenye swichi. Deok-su aliinama, akanong'ona kwa muda mrefu. Afisa Tak alimuuliza ameiomba nini mizimu.

"Sikuomba kitu," alisema Deok-su. "Nimewataarifu tu kwamba ufunguo anao Mama Boram, wakiwa na neno wamwone yeye. Halafu nikawaeleza kinga ya miale inavyofanya kazi, maana enzi zao haikuwepo, na kama mtu hajaelewa..."

Ok-bun alikunja kipande cha nyama katika jani la kabichi kwa mikono yake miwili, akamtia mumewe mdomoni ili anyamaze.