Ruta Iliyomsonya Mshonaji

Mtu alisonya ndani ya chumba cha kushonea, na mshonaji alikuwa peke yake.

Aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani, akasikiliza. Ulikuwa msonyo mrefu, wa kuvutwa kwa raha, kama wa mtu aliyeikagua kazi yako kuanzia kola hadi pindo akaona haifai hata kufutia meza. Dirisha lilikuwa limefungwa. Juu ya rafu, kati ya makopo ya vifungo, ruta ya intaneti ilikuwa inawasha taa zake za kijani kama siku zote. Chumba kilianza kunuka pamba iliyoungua, ilhali pasi ilikuwa baridi.

Mchana huo alikuwa na darasa. Kila Jumamosi aliwafundisha wanawake kukata nguo, wao wakiwa makwao, yeye akiwa mbele ya simu. Darasa hilo ndilo lililomlisha tangu macho yake yaanze kuchoka na kazi za wateja. Alipofungua simu hakuiona waifai yake, ambayo aliipa jina la Cherehani. Mahali pake paliandikwa: Bibi Kiraka.

Mshonaji hakuwa mtu wa kukimbilia mizimu. Alijua jina la waifai hubadilishwa kwenye ukurasa wa mipangilio, na aliwahi kuingia huko mwenyewe. Akaandika zile namba zilizochapwa chini ya ruta, ukurasa ukafunguka, akaweka neno la siri. Likakataliwa. Akarudia polepole, herufi moja moja. Likakataliwa, na msonyo ukaja tena, safari hii karibu kabisa na sikio lake.

Akampigia binti yake.

Binti alikuja, na kwa bahati mbaya alikuja na mumewe. Ndugu za mke walimwita Bwana Najua, lakini kisogoni tu. Alifanya kazi kwenye kitengo cha kompyuta cha kampuni moja kubwa, na kwa hiyo aliona wanadamu wengine wote wameumbwa ili wamuulize maswali. Mtu wa aina hiyo ukimwomba kiberiti atakuuliza kwanza kama unajua moto ni nini. Mkewe aliingia nyuma yake akiwa amebeba begi la kompyuta. La mume.

"Mama, nani ameigusa hii ruta?"

"Hakuna, mwanangu. Ila inasonya."

Alimtazama mama mkwe kama anayemtazama mbuzi aliyejizonga kamba miguuni. "Ruta haisonyi, mama. Jirani amekuibia neno la siri, basi. Uliweka neno gani? Jina la binti yako?"

Ndilo hasa alilokuwa ameweka mshonaji.

"Najua," akasema mkwe.

Akachomeka waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta, akazima waifai ya kompyuta isije ikaingilia, akaandika namba za anwani. Akajaribu lile neno lililobandikwa chini ya ruta. Akajaribu yale ambayo viwanda hupenda kutumia. Yote yakakataliwa.

"Labda tuirudishe ilivyotoka kiwandani," mkewe akasema kwa sauti ndogo.

"Nilikuwa naelekea huko huko. Wewe kaa."

Akaomba sindano. Akaiingiza kwenye kitundu cha nyuma, akabonyeza mpaka taa zote zikazimika na kuwaka upya. Kwenye simu lile jina la matusi likatoweka, likaja la kiwandani, herufi na namba zisizo na maana. Bwana Najua akajinyoosha kama jogoo anayedhani jua limechomoza kwa sababu yeye amewika. Akaandika tena neno la kwenye kibandiko.

Chini yake pakatokea maandishi mekundu: Neno la siri si sahihi.

Akaandika tena.

Neno la siri si sahihi, Bwana Najua.

"Bwana Najua ndiye nani?" akauliza. Mama mkwe akaanza kutafuta uzi ambao haukupotea.

"Kuna mtu anatusikia," binti akanong'ona.

"Kuna mtoto wa jirani anatafuta kofi." Akaushika waya wa umeme, akauchomoa ukutani.

Taa za ruta hazikuzimika. Alisimama ameshika plagi mkononi, vile vyuma vyake vikiwa havijagusa chochote, na ruta ikaendelea kupepesa taratibu. Mshonaji akamwonyesha simu. Waifai ilikuwa na nguvu kuliko siku zote, na jina lake sasa lilikuwa: Haya Umechomoa.

Nje jua lilikuwa linashuka, na mwanga wa dirishani ukawa wa rangi ya chai. Harufu ya pamba iliyoungua ikazidi, ikachanganyika na nyingine ya nywele zilizoungua, na juu ya rafu kitu kikaanza kutembea kati ya makopo, kikilisogeza hili kidogo na lile kidogo, vifungo vikicheza ndani kwa sauti ya meno ya mtu mwenye baridi, kikishuka ukutani bila kuonekana, kikipita chini ya meza ambapo vipande vya vitambaa vilibonyea kimoja baada ya kingine kama vinavyokanyagwa, mpaka kikafika nyuma ya kiti cha binti, kikasimama hapo, kikavuta pumzi.

Kikazungumza kwa sauti ya mumewe.

"Wewe ulisomea nini hasa?" kikauliza, taratibu, kama mtu anayeongea kitandani. "Usifungue mdomo mbele ya wenzangu. Sitaki wajue nimeoa nini."

Bwana Najua mwenyewe alikuwa upande wa pili wa chumba, midomo imefumba.

Mshonaji akamgeukia binti yake. Binti alikuwa anatazama sakafu.

"Ndivyo anavyokuambia?"

"Siku nyingine, mama."

"Siku gani?"

Mama yake alikwisha sahau ruta. Alikaa chini pale pale juu ya vitambaa, akamshika binti yake kifundo cha mguu kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo, asianguke.

Jioni ile ile jirani aliyekuja kuuliza kuna nini ndiye aliyemleta mganga, mwanamke mnene mwenye goti bovu na mkoba wa kwapani, aliyeomba kiti kabla hajamaliza salamu. Aliuliza ruta ilinunuliwa wapi. Mshonaji akasema ni ya mitumba, ilitoka kwenye ofisi iliyofungwa.

"Mtu asiitukane," mganga akasema. Kisha akaigeukia rafu. "Pole na safari, mgeni. Umekaa vizuri?"

Taa zikafifia.

"Hiki ndicho nilichokuja kushuhudia," akasema Bwana Najua. "Mtu mzima anaiamkia plastiki."

Taa zikawaka kali, zikang'aa mpaka dari ikawa ya kijani. Kila mtu aliona, isipokuwa yeye aliyekuwa akiongea.

"Unatafuta nini kwa watu hawa?" mganga akauliza kwa upole.

Sauti ikatoka rafuni, kavu, isiyo na haraka. "Nilikaa ofisini miaka mingi. Mkuu wa pale alijua kudharau watu, kuanzia mfagiaji hadi mhasibu, nikashiba. Huyu mama hata kuku wa jirani anamwambia samahani. Nimekonda. Ikabidi nianze kujipikia dharau mwenyewe."

"Hapa huna riziki. Nenda."

"Nitakwenda. Riziki yangu imeshaingia na begi lake."

Mganga akashusha pumzi, akamtazama Bwana Najua bila chuki. "Mwanangu, sikiliza. Mwombe mkeo radhi. Sasa hivi, kwa moyo wako. Hakitapata pa kukushika."

Chumba kikangoja. Mkewe akainua uso, na katika uso ule palikuwa na matumaini ya aibu, ya mtu aliyezoea kuridhika na makombo. Sentensi moja tu ingetosha. Bwana Najua alifungua mdomo, na inawezekana kabisa alikusudia kuisema.

"Radhi ya nini?" akasema. "Nikimweleza kosa lenyewe, ataelewa huyu?"

Ruta ikazimika. Harufu yote ya kuungua ikavutwa kutoka kwenye vitambaa, kutoka kwenye pazia, ikampitia puani kwa mkondo mmoja, akakohoa mara moja, akafuta mdomo. Mganga akainamisha kichwa.

"Chomekeni sasa," akamwambia mshonaji.

Mshonaji akachomeka, akangoja taa, akaandika zile namba, akaweka neno la kwenye kibandiko. Ukurasa wa mipangilio ukafunguka bila kinyongo. Akaweka neno jipya la siri, na jina la waifai akaliandika upya mwenyewe.

"Unaona? Ilikuwa inahitaji kupoa tu," akasema Bwana Najua, akiokota funguo za gari. "Twende."

"Nitalala kwa mama," mkewe akasema.

"Begi langu nani atabeba?"

Akalibeba mwenyewe.

Kesho yake asubuhi alipiga simu. Binti aliipokea akiwa amesimama dirishani, na mwanzo hakuitambua sauti, ilivyokuwa nyembamba.

"Mke wangu. Kuna mtu hapa nyumbani ananiuliza maswali. Kila nikijibu anasema nimekosea. Sijalala. Ananiuliza mpaka jina langu, nikimtajia anacheka."

Nyuma yake kulikuwa na mtu anayezungumza kwa subira, kama mwalimu na mwanafunzi mzito.

"Njoo umwambie mimi ni nani," akasema, na alikuwa analia kweli.

Binti aliona miguu yake yenyewe ikitafuta viatu. Akaizuia. "Mganga alikuambia," akasema. "Niombe radhi. Nitakusikia hata kwa simu."

Ile sauti ya nyuma ikakoma, ikisubiri.

"Yaani wewe," mumewe akasema, "wewe ndiye wa kunifundisha—"

Simu ikakatika.

Binti aliiweka mezani, akaenda kumshikia mama yake ncha ya kitambaa, wakaanza kukata.