Mafiga Chini ya Vigae

Kigae kilikuwa cha moto. Fundi Vigae alikikanyaga pekupeku akaruka. Alidhani ni jua la dirishani, lakini pazia lilikuwa limefungwa. Akapapasa kwa kiganja. Vya moto vilikuwa vitatu, vimekaa pembetatu, katikati ya sebule aliyoitandaza kwa mikono yake mwenyewe.

Akachukua nyundo yake ya mpira, akagonga asikilize kama kuna uwazi chini, kama anavyofanya siku zote kazini. Ko. Halafu kule chini nako kukagongwa, ko, ko, taratibu, bila haraka yoyote.

"Mama Chiriku," alinong'ona, "umesikia?"

"Tangu juzi nasikia," mkewe akajibu. "Nikasema nikikwambia utaniona nimechanganyikiwa. Na huo moshi wa kuni je? Sisi si tunapikia gesi?"

Fundi akaiweka nyundo chini. Maana alijua, bwana, alijua vizuri sana! Siku ya kuchimba msingi alikuta mafiga matatu meusi kwa masizi, majivu yake hayajapeperuka. Wenyeji walikuwa wamepakiwa malorini na kuhamishwa wiki ile ile, na karatasi za mradi wa nyumba zikaandikwa kwamba pale ni pori, halijawahi kukaa mtu. Yeye akayaponda mafiga, akayafanya kifusi cha sakafu. Mawe ni mawe, alisema.

Lililomtia hofu kuliko yote ni binti yake. Chiriku, miaka minne, mtoto ambaye mdomo wake haukujua likizo, sasa alikaa kimya katikati ya vigae vile, kisha akacheka, kisha akajibu kitu kwa lugha ambayo hakuna aliyemfundisha, na akiulizwa anaongea na nani alisema ni bibi, ilhali bibi zake wote wawili walikuwa hai na wanaishi mbali.

Wakamwita mganga. Alifika mchana kweupe, anacheka mlangoni: "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Hakuuliza nyumba imesimama juu ya nini. Hapo ndipo alipokosea. Aliwaweka sebuleni, mtoto katikati, akanguruma maneno anayoyasema kila nyumba: "Asiye wa hapa, atoke! Mwenyewe abaki!"

Moshi ukapanda kupitia viungo vya vigae, na miguu ya Fundi ikaanza kutembea bila yeye kuituma, akashika fremu ya mlango kucha zikavunjika, akamwona mkewe anarudi kinyumenyume huku analia na kunyoosha mikono, akamwona mganga naye anaburuzika akiomba radhi kwa mtu asiyeonekana, mpaka wote watatu wakajikuta barabarani, na mlango ukajifunga. Chiriku peke yake hakusogea hata unyayo. Yeye alizaliwa juu ya sakafu ile, na kitovu chake kilizikwa uani.

"Mwanangu, fungua!" Fundi aligonga mpaka ngumi zikachubuka. "Ni baba yako!"

Dirisha likafunguka. Ndani mtu alikuwa akichochea kuni, tena akiimba kwa sauti ya chini. Chiriku akawatazama mmoja mmoja, kwa adabu zote za mtoto aliyefundwa.

"Shikamooni," alisema. "Mmepotea njia? Bibi anauliza mnatoka wapi."