Aliyeitika Badala ya Mjomba

Ilikuwa Jumanne, saa tisa na dakika ishirini alasiri, nilipoona kwamba ngazi ya nne ya uani, zile zinazoshuka mtoni, imezama. Kwetu hapakuwa na tone la mvua. Anga ilikuwa nyeupe kwa joto, lile joto la kwanza la mwaka linalofanya shingo inate kwenye kola. Lakini nyuma ya vilima, mto unakotoka, mawingu yalikuwa meusi kama masizi, na radi ilinguruma kwa mbali kama mtu anayeburuta kabati.

"Ngazi ya nne imekwenda," nilisema.

"Profesa ameanza," Mjomba alisema, kwa jina analoniita yeye peke yake. Nadhani ndivyo alivyosema, maana mdomo wake ulikuwa umejaa misumari.

Mjomba ni mdogo wake Mama, fundi wa sofa, na ghorofa yetu ya chini ndiyo karakana yake. Anapogongelea kitambaa kwenye mbao hujaza misumari midogo mdomoni, kisha huitoa mmoja mmoja kwa ulimi. Kutwa nzima ukimwuliza jambo, jibu ni "Mm." Ukimwita kula, "Mm." Mama husema hata yule mchumba wake wa zamani aliondoka kwa kuchoka kusubiri neno la pili. Mtaa mzima unamwita Misumari.

"Tema hivyo vitu uje tubebe," Mama alimwambia. Yeye ndiye mshonaji wa vitambaa vya viti. "Siku moja utameza, tukuzike na sumaku."

"Mm," alisema Mjomba.

Tulipandisha viti vya wateja, majora ya vitambaa, makopo ya gundi. Tulikuwa hatujafika nusu wakati mwanga ulipoondoka, kama mtu ametandika blanketi juu ya paa. Umeme ukakatika. Mvua ya mawe ikaanza kupiga bati. Maji ya mto yakaingia chini ya mlango wa uani bila kelele yoyote, yakisukuma maranda ya mbao mbele yake.

Tukapanda juu mbio. Bibi, mama yake Mama, alikuwa amekwisha kufunga madirisha ya mbao, na sikuviona hata vidole vyangu. Simu yangu nilikuwa nimeiacha chini kwenye chaji. Ya Mama ilikuwa imezimika tangu mchana.

Mto ukifurika, nyumba yetu ina utaratibu mmoja. Macho ya Bibi hayaoni tena isipokuwa mwanga na kivuli, kwa hiyo hutuhesabu kwa sauti. Anaita, tunaitika, kisha mlango ulio juu ya ngazi unafungwa kwa komeo la chuma. Haufunguliwi mpaka mvua ikatike, hata aite nani. Kabla sijazaliwa, Babu aliufungua kwa sababu alimsikia jirani akiomba msaada ngazini. Jirani alikuwa kwake, amelala. Babu ndiye hakurudi.

"Mwanangu?" Bibi aliita.

"Nipo, Mama."

"Mjukuu?"

"Nipo."

"Misumari?"

"Mm."

Sauti ilitoka kwenye kona, karibu na kabati. Mama akasukuma komeo.

Punde si punde mlango ukagongwa.

"Dada, nifungulie. Nilikuwa nainua cherehani yako. Maji yamenifika kifuani."

Ilikuwa sauti ya Mjomba. Maneno yalikuwa safi, ya mdomo usio na kitu.

Mkono wa Bibi ukanishika. "Msijibu," alinong'ona. Kisha akageuka kuelekea kwenye kona. "Misumari?"

"Mm."

"Mmesikia. Ameshaitika. Huyo wa nje si wetu."

Mama akausogelea mlango. "Ni sauti yake, Mama."

"Hata baba yako aliniambia hivyo hivyo. Ni sauti yake."

"Dada," alisema wa nje. Alikuwa akihema. "Ngazi inatikisika. Dada, mbona hivyo?"

Bibi alikuwa ameuegemea mlango kwa mgongo wake wote. Ungefunguliwa kwa asiye mtu, tungempoteza mmoja wetu. Usipofunguliwa, huenda Mjomba alikuwa anazama hatua moja kutoka tuliposimama. Nilijaribu kufikiri kwa utaratibu, kitu ambacho siwezi hata siku za kawaida. Jambo moja tu likanijia. Yule wa kwenye kona alikuwa anasikia sauti yake mwenyewe ikigonga mlango. Hakuuliza chochote. Hakushtuka.

"Mjomba," nilisema gizani. "Tema misumari. Sema unavyoniita."



Kisha msumari mmoja ukaanguka sakafuni. Ti.

Mwingine. Ti.

Halafu mitatu, minne kwa pamoja. Najua mdomo wa Mjomba unachukua misumari mingapi. Nimemtazama tangu utoto. Kiasi hicho kilipitwa. Iliendelea. Sasa ilikuwa kama mchele unaomwagwa kwenye sinia. Haikukoma. Ilianza kutugusa miguuni.

"Bibi," nilinong'ona. "Ondoka mlangoni."

Hakuondoka. Nilimsogeza mimi, kwa mikono yangu, mwili mwepesi kama kanga. Nikavuta komeo.

Umeme wa radi ulipiga kwenye dirisha la ngazini. Nikamwona Mjomba. Ngazi za juu zilikuwa zimekatika; alining'inia kizingitini, maji kidevuni. Macho yalikuwa yake. Mama akamshika kola, mimi nikashika nywele, tukamvuta ndani.

Misumari ikakoma.

"Mlikuwa mnaongea na nani?" Mjomba aliuliza alipomaliza kukohoa.

Tuliketi tumeegemea mlango, tumeshikana mikono, mpaka mianya ya madirisha ikawa ya kijivu. Hakuna aliyekwenda kwenye kona.

Asubuhi anga ilikuwa safi, kama haijui lolote. Nilifungua madirisha. Kwenye kona, juu ya sakafu kavu, palikuwa na rundo la misumari midogo iliyoliwa na kutu. Mjomba aliitazama bila kuigusa.

"Si yangu," alisema.

Niliizoa kwa kizoleo, na michache iliyobaki nikaiokota kwa vidole. Ilikuwa na uvuguvugu. Ilikuwa na unyevu mzito kidogo, kama kitu kilichotoka mdomoni sasa hivi. Nikaitupa yote dirishani, kwenye maji ya kahawia.

Bibi alikuwa amechemsha chai. Akatuita mezani kwa zamu, kama kawaida yake. Mama akaitika. Mimi nikaitika. "Misumari?" "Nipo," alisema Mjomba kwa sauti kubwa, akiniangalia.

Bibi akatikisa kichwa, akamimina vikombe vitano.

"Tuko wanne, Bibi."

"Walioitika ni wanne, na mimi wa tano," alisema. "Wa mwisho ameitika mdomo umejaa."

Mama aliacha kukoroga sukari. Mimi nilifikiria jambo moja tu: kile kitu cha kwenye kona kikikosa nafasi yake mezani, kitatafuta ya mmoja wetu. Nikainuka. Nikachukua kiti ambacho Mjomba alikimaliza Jumanne, nikakileta mezani, nikaweka kikombe cha tano mbele yake kwa mikono miwili.

Sponji ya kiti ikabonyea, taratibu, ikabaki hivyo.