Ukuta Uliopunguzwa Unene

Asubuhi hiyo kabati lilikataa kufunguka. Mlango wake uligonga kitanda cha Chiriku, na kitanda kile hakikuwahi kuhama tangu mtoto aache nepi. Mume alisema mkewe amekisogeza akifagia. Mkewe, ambaye ni mkutubi, akamjibu kwamba kitanda kina miguu minne na hakitembei, sawa na mtu fulani mwenye miwili ambaye hafiki jikoni kujimiminia chai. Wakacheka. Akakivuta kitanda, mtoto akavaa sare, wakatoka.

Jioni chumba kilinuka chokaa mbichi. Hakuna aliyekuwa amepaka kitu.

Mkutubi huyo ndiye aliyekuwa mwanahistoria wa mji. Kitabu chake kuhusu majengo ya kale kilikuwa kimetoka karibuni, na sura iliyosifiwa zaidi ilihusu jumba la mawe la tajiri wa zamani, ambalo sasa ni maktaba anakofanya kazi. Alilipima mwenyewe, chumba kwa chumba. Chini ya ngazi vipimo vilimgomea: ukuta ulikuwa mnene kupita kiasi, unene wa kumtosha mtu kusimama ndani. Bibi mmoja, mjukuu wa mwashi aliyelijenga, alimweleza sababu. Babu yake aligombana na tajiri, kisha akaitwa arudi kumalizia lipu chini ya ngazi. Hakuonekana tena.

Katika rasimu ya kwanza mkutubi aliyaandika yote. Mkurugenzi wa maktaba, ambaye ni mjukuu wa yule tajiri, akayasoma, akamwambia kwa upole kwamba porojo za vikongwe si historia, na maktaba haitachapa kitabu chenye porojo. Basi akaandika kwamba mwashi alitoroka kazi. Na kwenye mchoro, ili vipimo vikubali, akaupunguza ukuta unene.

Chumba cha Chiriku kikaendelea kubana. Kitanda kiligusa dirisha, kikatolewa, godoro likalazwa sakafuni, nalo likaanza kujikunja. Ndani ya ukuta ilisikika sauti ya mwiko wa mwashi ukikwangua taratibu, kama fundi asiye na haraka. Mume aliacha mizaha. Wakamhamishia mtoto sebuleni na kukifunga chumba.

Lakini vitabu vya shule vilibaki kabatini. Alasiri moja mkutubi alirudi akakuta nyumba kimya, na kimya hakikuwa tabia ya Chiriku, mtoto aliyeongea hata akipiga mswaki, akaita, hakuitikiwa, akausukuma mlango wa kile chumba ukafunguka upana wa kiganja tu na kukwama, na katika upenyo ule akamwona mwanawe amebanwa wima kati ya kuta mbili, sare imejaa unga mweupe, uso umegeuka pembeni kwa kukosa nafasi, akipumua kidogo kidogo kama anayeiba hewa, huku mwiko ukikwangua, ukikwangua, karibu kabisa na sikio lake.

"Mama," Chiriku alinong'ona, "anasema nisimame vizuri. Anapima."

Mume aliung'oa mlango kwa nondo. Walimvuta mtoto akatoka bega likiwa limechunika.

Mganga waliyemwendea hakuitisha kuku wala ubani. Alizinusa nywele za mtoto, akataka kujua nani kati yao hushughulika na majengo. Mkutubi akamsimulia. Mganga akasema waashi wa zamani hawakuweka jiwe la kwanza bila kuomba ruhusa kwa jini wa kiwanja, na jini aliyeombwa kwa adabu humtetea mtu wake hata akifa.

"Umemfukia mwenzake mara ya pili," alisema kwa sauti ya chini. "Anakupa unene ulioupunguza."

"Nimfukuzeje?"

"Huyu hafukuzwi. Huelekezwa. Sema ukweli mbele za watu, na umtaje aliyekushika mkono ukaandika uongo."

Kesho yake adhuhuri alisimama katikati ya ukumbi wa kusomea akasema yote, jina la mwashi na la mkurugenzi. Yule bibi, mjukuu wa mwashi, alikuwapo, akalia bila sauti. Mkutubi akaomba ukuta uvunjwe, mifupa izikwe. Mkurugenzi alimwambia akusanye virago vyake. Ukuta ule hautaguswa yeye akiwa hai.

Nyumbani, kabati lilifunguka mpaka mwisho. Chiriku alikuwa akiongea bila kituo.

Kabla jua halijazama simu ikaita.

"Dada yangu," mkurugenzi alisema, sauti yake ndogo. "Mlango wa ofisi yangu umekwama."

"Usukume."

"Hauna pa kwenda."

Nyuma yake kitu kilikuwa kikikwangua.

"Toa ruhusa sasa hivi ukuta uvunjwe," mkutubi alisema. "Nitawaita mafundi mwenyewe."

Akasubiri. Alimsikia akihema, akivuta pumzi fupi, kisha nyingine fupi zaidi.

"Watu watasema babu yangu alikuwa muuaji," mkurugenzi akasema. "Siwezi."

Mkutubi alimtazama binti yake, na kidonda cha bega ambacho hakijakauka.

"Basi simama vizuri," akamwambia. "Anapima."