Jina la Mwisho Lilibaki Peke Yake

Émilienne alisonga fufu ya watu watano, ingawa nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na binti yake mkubwa, Abigaël. Fufu iliyobaki aliwagawia majirani. Hakuna aliyemwuliza sababu. Katika karitie ile, mtaa wa mji wa Bunia mashariki mwa Kongo, wengi walikuwa wamekimbia kutoka vijiji vya Djugu, na karibu kila nyumba ilikuwa na mtu inayemngoja.

Émilienne aliwangoja watatu: Michée, Orly na Annie. Siku kijiji chao kiliposhambuliwa, yeye na Abigaël walikuwa shambani. Wadogo walikuwa nyumbani. Watu walikimbia kila upande. Jirani mmoja alisema aliwaona watoto barabarani, katikati ya umati, wameshikana mikono. Tangu siku hiyo miaka ilikuwa imepita, na hakuna habari nyingine iliyofika.

Asubuhi Émilienne aliuza sombe, majani ya muhogo, sokoni. Mchana alikwenda parokiani kujifunza kusoma pamoja na akina mama wengine. Abigaël naye alisoma palepale, katika chumba cha kompyuta. Mwalimu wake alikuwa Sandrine, mwanamke mpole kutoka familia ya wafanyabiashara wa Butembo. Sandrine aliwafundisha vijana kutengeneza kurasa za intaneti. Siku moja aliwaambia kila mmoja atengeneze ukurasa mmoja wa kuwafaa watu. Kabla mwalimu hajamaliza kusema, Abigaël alikuwa ameshajua wake.

Alitengeneza ukurasa wa kuwatafuta waliopotea. Ulikuwa na fomu. Mtu anaandika jina lake na namba yake ya simu. Kisha anaandika jina la anayemtafuta, pamoja na umri. Kama anatafuta wengi, anabonyeza "Ongeza mtu" na mstari mwingine unatokea. Akibonyeza "Tuma", maneno yanakwenda kwenye seva, yaani kompyuta inayoyapokea. Huko kuna programu ndogo aliyoiandika Abigaël kwa lugha ya PHP. Kazi yake ni kuyachukua maneno na kuyahifadhi. Majina ya wanaotafutwa yanaonekana kwa wote. Namba za simu zinabaki zimefichwa.

Abigaël aliijaribu fomu kwa jina moja. Ilifanya kazi. Basi parokia ikatangaza habari zake, na watu wakaja. Hata huko Mongbwalu, mji wa machimbo ya dhahabu, katekista mmoja aitwaye Fulgence alianza kuwasomea watu ukurasa ule kwenye simu yake.

Émilienne alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Alimtajia binti yake majina na umri wao, kwa mpangilio wa kuzaliwa: Michée, Orly, Annie. Jumapili moja baada ya misa aliomba kuuona ukurasa. Sasa aliweza kusoma kidogo, na alitaka kuyasoma majina ya wanawe kwa macho yake mwenyewe. Alisogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. Akasoma polepole, silabi kwa silabi: An-nie. Akatazama juu. Akatazama chini.

"Michée iko wapi?" aliuliza. "Na Orly?"

Abigaël alitafuta. Hawakuwamo.

"Niliandika bote, Mama. Uliniona."

"Nilikuona. Sasa ordinateri imechagua mutoto mumoja?"

Abigaël aliufungua ukurasa upya. Mama yake alijifunga vizuri kitenge chake, akatoka.

Binti alibaki akifungua familia moja baada ya nyingine. Jirani yao Bernadette alikuwa ametaja ndugu wanne, naye amebaki na mmoja. Wote waliotafuta watu wengi walikuwa na mmoja tu. Abigaël alifikiria Mongbwalu. Pengine Michée alikuwa ameshafika kwa Fulgence huko Mongbwalu, akauliza kama kuna mtu anamtafuta, akajibiwa kwamba hakuna.

Jumatatu alimweleza Sandrine yote. Mwalimu hakumgombeza. Alimwambia kwanza asibahatishe, bali atazame ni nini hasa kinachofika kwenye seva. Abigaël akaongeza mstari mmoja kwenye programu, wa kuonyesha kila kilichopokelewa. Wakatuma majina matatu. Programu ikaonyesha moja: Annie. Kumbe wengine walikuwa wakipotea kabla ya kuhifadhiwa.

Ndipo Sandrine akafungua msimbo wa fomu yenyewe na kumwonyesha visanduku vya kuandikia.

"Kila kisanduku iko na jina yenye seva inakijua nayo," alisema. "Byako byote binaitwa *jina*. Michée anafika, PHP inamuweka pa nafasi ya *jina*. Orly anafika, na yeye anaitwa *jina*, anakaa pale pale, Michée anaondoka. Annie anafika, Orly anaondoka. Wa mwisho ndiye anabakia."

Abigaël aliuliza kama aviite *jina1*, *jina2*, *jina3*. Sandrine akasema inawezekana, lakini atavihesabu mpaka wapi? Familia moja inatafuta wawili, nyingine inatafuta kumi. Kisha akaandika alama mbili ndogo mwishoni mwa jina la kisanduku, mabano ya mraba yasiyo na kitu ndani: *jina[]*.

"Haya mabano inaambia PHP: hii haiko kiti ya mutu mumoja, ni benchi. Kila mwenye kufika akae pembeni ya mwenzake."

Kisanduku cha umri nacho wakakiita *umri[]*. Kwenye programu, Sandrine alieleza, mabano hayo hayaandikwi tena. Unaita *jina* tu, lakini sasa hupati neno moja, unapata orodha nzima. Kwa hiyo huwezi kuihifadhi kama neno moja. Lazima uipitie kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na kumhifadhi kila mtu kwenye mstari wake. Jina la kwanza linakwenda na umri wa kwanza, la pili na wa pili.

"Na kama mutu ameacha mustari moja bila jina?" Abigaël aliuliza.

"Uruke. Lakini ruka jina na umri wake pamoja. Ukiruka jina peke yake, miaka ya Orly itaenda kwa Annie."

Abigaël aliandika upya. Safari hii hakuridhika na jina moja. Alijaribu matatu. Alijaribu kuacha nafasi tupu katikati. Alituma hata fomu isiyo na jina lolote, programu ikamwambia aandike angalau moja. Mwishowe Michée, Orly na Annie wakatokea, kila mmoja kwenye mstari wake. Abigaël aliwatazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama picha.

Majina ya familia nyingine hayakuweza kurudishwa, kwa sababu hayakuwahi kuhifadhiwa. Ila namba za simu zilikuwapo. Alipiga moja moja, akaomba radhi, akaomba majina tena. Bernadette alimtajia wanne wake bila neno la lawama.

Wiki chache baadaye Fulgence alipiga simu kutoka Mongbwalu. Kando yake alisimama kijana anayechota maji kwa waosha dhahabu. Abigaël alikimbia mpaka sokoni na simu mkononi.

"Weye ni nani?" Émilienne aliuliza, kwa sababu sauti aliyoisikia ilikuwa ya mwanamume, si ya mtoto.

"Ni mi, Mama. Michée."

Mama alikaa chini kati ya mafungu ya sombe. Kijana alisubiri. Kisha akauliza taratibu, "Orly na Annie iko na weye?"

"Mi nilizania iko na weye."

Émilienne aliisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Kuya, mwana wangu," Émilienne alisema. "Kuya tubatafute pamoja."

Barabara ilipokauka, Michée alifika juu ya lori la mizigo. Alikuwa mrefu kuliko dada yake. Mama alimshika uso, akamshika mabega, kisha akaanza tena usoni. Alipokwisha kula, Michée alisimulia kwamba walipotezana karibu na mji mdogo wa Kilo. Alipowaona mara ya mwisho, Orly alikuwa amembeba Annie mgongoni na kumfuata mama mmoja mwenye mbuzi.

Kesho yake walikwenda parokiani watatu. Abigaël aliongeza habari ile ya Kilo. Karibu na jina la Michée aliandika: amepatikana. Michée alisoma mistari miwili iliyobaki, akatikisa kichwa.

"Mama, hii miaka ni ya siku tulikimbia. Na bo bamekomea, bamekuwa bakubwa."

Émilienne hakuwa amefikiri hivyo. Kwake walikuwa bado wadogo vilevile, wa siku ile. Alihesabu kwa vidole, kimya, mwaka kwa mwaka, miaka yote ambayo hakuwaona.

"Andika," alimwambia Abigaël. "Orly, *douze ans*, miaka kumi na mbili. Annie, *huit*, munane."